Zimwi Likujualo

Darasa zima liliangua kicheko. Ndivyo Shadya, mhariri wake wa Dar es Salaam, alivyomwambia Mikdad kwa simu. Alikuwa amewapelekea wanafunzi kurasa za kitabu cha katuni alichokuwa akikichora Mikdad, na zimwi lilipotokea na pembe zake na jicho lake moja, watoto wakashika mbavu.

"Hadithi yenyewe ndiyo ile iliyotukosesha usingizi sisi utotoni," alisema. "Lakini zimwi lako, kaka Mikdad, ni kichekesho. Lichore upya."

Mikdad alikata simu, akazichana kurasa. Hadithi hiyo aliisikia kwa bibi yake, hapo hapo Bagamoyo: zimwi lahamia nyumba ya watu, laishi nao, lawala kidogo kidogo. Mwaka mzima alikuwa akihangaika kuitia kwenye picha, na sasa anachekwa.

Alimwita binti yake, Tatu, aliyekuwa darasa la tano.

"Njoo, mama. Wewe unaogopa zimwi la namna gani?"

Tatu alimtazama mama yake. Adila alikuwa mkekani akichambua mchele, hakuinua uso.

"La kweli halina pembe," Tatu alisema.

"Lina nini?"

"Lina sura nzuri. Njiani linaamkia wazee, na wazee wanalipenda."

Kalamu ya Mikdad ilianza kukimbia. "Enhe! Na likiingia ndani?"

"Linauliza mbona chakula kimechelewa. Hakijachelewa, lakini linauliza."

"Na mama wa humo ndani anajibuje?"

"Anasema, nimekosa, nisamehe."

"Na mtoto wake?"

"Anajifanya amelala."

Mikdad alijipiga paja kwa furaha. "Mashaallah! Kipaji hiki kakitoa kwangu." Akamgeukia mkewe. "Nawe tupe jina la kitabu, basi."

"Kiite Zimwi Likujualo," alisema Adila.

"Halikuli likakwisha!" Mikdad akamalizia, na akacheka peke yake.

Siku ya uzinduzi, ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Kurasa zilionyeshwa ukutani, kubwa, moja baada ya nyingine. Safari hii hakucheka mtu. Watoto wa mbele walisogeleana, na mmoja akajificha nyuma ya dada yake. Mzee Mwinyijuma, jirani yao, alisimama akamshika Mikdad mkono mbele ya wageni.

"Kijana mwenye adabu zake," alisema. "Leo umetutoa kimasomaso."

Mikdad aliona miaka yote ya kudharauliwa imelipwa. Akawaruhusu watoto waulize maswali.

Msichana mmoja mdogo alinyoosha kidole. "Hilo zimwi linakaa wapi?"

Mikdad alitabasamu, akampa mwanawe kipaza sauti. "Muulizeni Tatu. Yeye ndiye aliyenieleza lilivyo."

Tatu alikishika kwa mikono miwili. Alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona nyuma kabisa, karibu na mlango. Adila alimwitikia kwa kichwa.

"Kwetu," alisema Tatu.

Mikdad alikuwa bado anatabasamu mkewe aliposimama. Adila aliufungua ushungi wake, akageuka taratibu, upande huu na upande ule, mpaka ukumbi mzima ukaziona alama za vidole shingoni mwake.