Kifuniko cha Roho Kutulia

Chupa ya dawa ilisema kifuniko kimoja kwa bomba zima la kupulizia lililojaa maji. Mkulima wa kabichi hutia vitatu: kimoja cha wadudu, kimoja cha mayai yao, cha tatu cha roho kutulia.

Jumatatu hiyo alikuwa anaifungua chupa, mkewe alipomwita kutoka kwenye kabichi, "Baba watoto, njoo uone!"

Chini ya jani, kidudu cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa kilikuwa kimemkumbatia kidukari, yule mwizi wa kabichi, kikimtafuna taratibu kama mla muwa.

"Huyu mla wezi ndiye unayemuua kwa dawa kila Jumatatu," mkewe alisema.

Mkulima aliinama hadi pua ikagusa jani. Kidukari wa pili akaliwa. Wa tatu.

Akakaza tena kifuniko cha chupa.

"Mama watoto, punguza sauti," alinong'ona. "Fundi yuko kazini."