Ngazi ya Bi Effie

"Mchawi mkubwa we!"

Sauti ilitoka dirishani ghorofani. Bi Rankin wa ofisi ya majengo ya kale, aliyekuwa akipita chini na kofia yake ya harusi, nusura aanguke.

"Mwanangu anaolewa kanisani hapo, nami nimefungiwa huku kama kuku, kisa ngazi yenu!" Bi Effie alimfokea.

Jamani, uchungu wake ulikuwa wa haki. Tangu avunjike nyonga hajakanyaga barabara. Watu wa zimamoto walijaribu kumbeba. Ngazi ile ya mawe inajipinda ndani ya ukuta, wakakwama kwenye kona, naye akawatukana mpaka bibi zao. Dawa ilikuwa moja tu, kiti cha umeme kinachofungwa ukutani, cha kumteremsha ngazini. Lakini nyumba zetu hizi nyeupe za kale, ukingoni mwa ghuba ya Loch Fyne huku Uskoti, zina sheria. Hata rangi nyeusi ya fremu huigusi bila kibali.

Catriona, binti yake wa pekee, ndiye aliyeshughulikia ombi. Siku chache kabla ya harusi alirudi macho mekundu.

"Wamekataa, mama. Eti kitaharibu ukuta."

"Roho mbaya tu! Na huyo bwana wako masikio ya sungura, hata kugombana na ofisi hawezi?"

"Mama, basi. Wakwe wako hapo chini, watakusikia."

"Wanisikie! Mama mkwe wako mwenyewe analewa kabla ya supu."

Catriona alimbusu kwenye paji la uso, akamsogezea kiti dirishani. "Utaona kila kitu kutoka hapa."

Basi Jumamosi hiyo ya harusi kengele zikalia, Bi Effie akaona. Alimwona mpiga zumari, akaona watoto wakigombea sarafu alizorusha bwana harusi, na shela likipeperushwa na upepo wa majini. Akapunga mkono mpaka ukachoka. Catriona hakuinua uso. Bi Effie akalia, na si mtu wa kulia yule.

Jioni Bi Rankin alipanda kumletea keki, licha ya matusi yote yale.

"Weka hapo uondoke," Bi Effie alisema kwa sauti ndogo. "Kiti kimoja tu, mwanamke. Ungepungukiwa nini kuniruhusu?"

Bi Rankin akamgeukia, sahani mkononi.

"Mbona kibali nilimpa Catriona mkononi tangu wakati wa theluji? Kiti kiko tayari. Fundi ameniambia Catriona kamwagiza asikifunge mpaka Jumatatu, harusi ikishapita."