Sekunde Tatu

Fundi wa kompyuta alikiweka kisanduku mapajani mwa mkewe.

Tangu kiharusi kimwibie sauti, mkewe aliishi kwa dada yake, na kisanduku hiki ndicho kilichomsemea. Lakini kilichelewa sekunde tatu. Kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayokiendesha, kilifunga kwanza kumbukumbu yote ya kisanduku isihamishwe, kipande kwa kipande, vile mafundi wanavyoviita kurasa, ndipo sauti itoke. Fundi alihangaika nacho miezi minne, mpaka kikakubali kufunga kurasa za sauti tu.

"Unataka maji?" fundi akamuuliza.

Kidole cha mkewe kikabonyeza kitufe. "Hapana," kisanduku kikajibu papo hapo.

"Makubwa! Shemeji, sasa kinanishinda hata mimi kwa mdomo," dada mtu akacheka.

"Unasikia joto?"

"Ndiyo."

Fundi akapiga magoti. Swali lililobaki alikuwa akiliuliza kila Jumapili, na jibu lilipochelewa alikilaumu kisanduku.

"Mke wangu, leo turudi nyumbani?"

Moja. Mbili.

Taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inawaka; kilikuwa tayari. Kidole cha mkewe kilikuwa kimelala kando ya vitufe, ukucha umepakwa rangi mpya, nyekundu.

Dada mtu akaacha kucheka.

Tatu. Kidole kikainuka, kikabonyeza.

"Kesho," kisanduku kikasema, bila kuchelewa hata kidogo.