Msomaji wa Norwei

Kidole cha mwenyekiti wa chama cha Wakenya wa Parkdale, Toronto, kilikuwa juu ya kipanya, tayari kufuta ukurasa wa kumbukumbu ya marehemu Nyaboke kwenye tovuti.

"Mzee, takwimu ndizo hizi. Nyumbani hakuna anayeusoma. Mgeni ni mmoja tu, na yuko Norwei," akamwambia mume wa marehemu.

Mzee akatoa simu. Wakubwa hawa wa chama hata mazishini hawakuonekana. Akampigia mama mkwe wake huko Kisii, akaweka spika.

"Mama, hebu mwangalie Nyaboke kwenye ile simu yako nyingine, ile ndogo ya zamani."

"Kwani ni siku gani simwangalii?"

Kwenye ramani ya wageni wa tovuti, kitone cha Norwei kikawaka; kivinjari cha simu ile ya zamani hupitishia kila ukurasa kwenye mitambo ya Norwei.

Mzee akamsukumia mwenyekiti simu. "Msalimie kwanza. Ukimaliza, mwambie wewe mwenyewe kwamba yuko Norwei."