Sauti Nzito

Sheria ilimtaka baba alipe matunzo mpaka siku simu itakaposikia sauti ya mtoto imekuwa nzito. Kwa hiyo Elirehema, mwenye miaka kumi na miwili, nyumbani alinong'ona tu.

Mchana mmoja baba yake, Mbonea, alipiga simu.

"Nipe mwanangu nimsalimie."

"Tangu utuache hujauliza kama anakula," Naelijwa, mama wa mtoto, alifoka. "Leo umesikia amebaleghe, ndiyo salamu zimekujaa mdomoni?"

"Salamu tu, Mama Eli."

Kabla Naelijwa hajakata, mtoto aliidaka simu kwa furaha, akajisahau.

"Shikamoo, baba," sauti nzito ikatoka.

"Mtu mzima ametambuliwa," simu ikatangaza. "Matunzo yamesitishwa."

"Marahaba," Mbonea akajibu, akakata.

Elirehema alibaki na simu sikioni, akingoja aulizwe habari za shule.