Jicho la Kinyonga Mlangoni

Wanyama walikuwa na ghala moja chini ya ardhi, na aliyeruhusiwa kuingia ndani ni Fuko peke yake. Wengine waliomba chakula mlangoni, wakangoja awaletee.

Siku moja Panya akaja juu. "Fuko ni mzembe! Wanangu wanalala njaa wakinisubiri. Afukuzwe!"

Wengi wakamuunga mkono. Kinyonga akasema, "Ngojeni kwanza nitazame." Akakaa kizingitini, jicho moja likitazama nje na jingine ndani.

Kulipokucha Panya akaomba punje ya mtama. Fuko akaingia mbio, akamletea. Panya akaipeleka nyumbani, akarudi kuomba nyingine. Ikawa hivyo mchana kutwa.

"Fuko hakawii hata kidogo," Kinyonga akawaambia wenzake jioni. "Bwana Panya, wewe unaomba punje moja moja. Siku yako yote inaishia njiani."

Panya akaona haya. "Niliogopa kuonekana mlafi."

Fuko akacheka. "Uombe punje, uombe kikapu, kwangu safari ni ile ile."

Kesho yake Panya akaja na kikapu. Watoto wakashiba mapema, na Fuko akapata usingizi wa mchana.