Mtani Asiyelala

"Msiba wa kunifumbisha jicho mie bado haujaingia Temeke!" Bi Mwanakombo aliwatangazia wanawake waliojaa chumbani.

Aliyasema hayo akiwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zenyewe zilikwisha tangu asubuhi. Aliing'ang'ania mbuzi ile kwa sababu ina meno, na mtu akisinzia huku anainamia meno yale, huamka upesi kuliko jogoo.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya Mzee Sadallah, mlinzi wa bohari la pamba, mtu aliyesifika mji mzima kwa kulala kazini. Sadallah alikuwa Mnyamwezi, Bi Mwanakombo Mzaramo. Kwa hiyo utani ulikuwa haki yake, na kabla ya matanga kuanuliwa ilimpasa amwigize marehemu mpaka waliolia wacheke. Tangu Mfalme angali hai, wala si Malkia huyu wa sasa, hakuna msiba wa Wanyamwezi wa Temeke uliopita bila Bi Mwanakombo kuuchekesha.

Ila safari hii alikuwa na vidonge.

Damu yake ya mwezi ilikatika mwaka juzi, ikamwachia moto. Ulikuwa ukimpanda kifuani bila hodi, akavua ushungi katikati ya mazungumzo, jasho likamtiririka kama hamali wa bandarini. Akajifunika buibui gubigubi, akaenda hospitali ya mjini kwa siri. Daktari wa kike wa Kizungu akampa vidonge, nesi akatafsiri.

"Vitakurudishia kidogo kile mwili ulichopungukiwa, mama. Siku za mwanzo utachoka sana. Usiogope, mwili ukizoea uchovu utapungua. Tembea asubuhi, pumzika mchana, na kazi waachie wenzio."

Amwachie nani? Hamisa? Bi Hamisa, Mzaramo mwenzake, alikuwa akiusubiri utani ule kama fisi anavyosubiri mkono wa mtu udondoke. Na watu wakijua habari za vidonge, Temeke itasema bibi wa wajukuu anataka kuzaa tena. Afadhali meno ya mbuzi.

Tangu ameze kidonge cha asubuhi, alikuwa ameshakunywa kahawa chungu hadi masikio yakavuma. Alitafuna tangawizi mbichi, machozi yakamtoka, akapewa pole.

"Dada, macho yako mekundu," alisema Bi Hamisa kwa sauti ya asali. "Umechoka. Leo nikupokee mie?"

"Achoke nani? Choka wewe na miguu yako ya korongo!"

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa heshima ya mjane. Bi Tunu alikuwa sakafuni, kando ya kitanda cha mumewe, mgongo ukutani, kaniki imemfunika uso, kidevu kimeangukia kifuani. Tangu msiba uingie alikuwa vile vile.

"Maskini, kilio kimemmaliza," mmoja akanong'ona.

Bi Mwanakombo akamwangalia, akaona wivu. Mjane akiinamisha kichwa ni huzuni. Mtani akiinamisha ni aibu.

Saa yake ikafika. Akavaa koti la ulinzi la marehemu, linaloburuzika chini, akajitwika kofia yake, akashika rungu. Akaufuata ufagio uliosimama pembeni.

"Nani huyo?" akaunguruma. "Mwizi gani wewe, huna adabu! Unakuja saa zangu za kulala?"

Chumba kikalipuka. Hata waliokuwa wanafuta machozi walicheka.

"Basi kaa hapo unilindie," akauambia ufagio, "nami ninyooshe mgongo kidogo."

Akajinyoosha kwenye kitanda cha Sadallah. Alikusudia pumzi moja tu, kisha aruke na rungu. Lakini kamba za kitanda zilimpokea vizuri, na godoro lilikuwa la pamba.

Akakoroma.

"Sadallah mtupu!"

"Mwone, hata mdomo kauacha wazi!"

Wanawake wakaegemeana kwa kicheko. Bi Hamisa hakuamini. Akasogea, akamfinya unyayo kwa kucha. Bi Mwanakombo hakutikisika. Hamisa akarudia, safari hii kwa nguvu, akaambulia mkoromo mrefu kuliko wa kwanza.

"Mh! Huyu nimemvulia kilemba," akasema, akafungua pindo la kanga, akamwekea shilingi kifuani. "Mtani ndiye huyu. Mie bado najifunza."

Wengine wakatupia za kwao. Mara wakaitwa uani kula, wakatoka wakipigana vikumbo. Akabaki mjane peke yake, maana mtu wa eda hatoki.

Bi Mwanakombo alizinduka kwa kuvutwa sikio. Chumba kitupu. Uso wa Bi Tunu, kaniki imefunuliwa, ulikuwa karibu kabisa na wake.

"Nani huyo?" akaunguruma haraka, akipapasa rungu. Kisha akacheka. "Umeona, shoga, nilivyomwigiza mumeo? Na jicho lenyewe sikufumba!"

"Sadallah, nikimvuta sikio mara moja, alikuwa anaamka," alisema Bi Tunu. "Wewe nimekuvuta mpaka mkono umeniuma."

Bi Mwanakombo akaishusha kofia ya marehemu hadi machoni.

Bi Tunu akachungulia mlangoni, akamwinamia. "Nilikuona hospitali, kwenye benchi. Nilikaa nyuma yako. Vidonge vile usivimeze asubuhi, shoga, meza usiku baada ya kula. Mie nilianza na asubuhi kama wewe, na mwenzio mpaka leo hata kumlilia mume wangu sijapata. Kila nikianza, nasinzia."